Joto chini ya boneti ya pikipiki ya theluji: dalili, chanzo, na matundu ya hewa ya kujitengenezea

Tundu la hewa kwenye boneti halipozi injini moja kwa moja. Kazi yake ni kutoa hewa iliyokwisha kupata joto ili hewa baridi ishike nafasi yake. Kwa hiyo kabla ya kushika msumeno, jua joto linatoka wapi, kisha jua hewa itaingilia wapi na itatokea wapi. Anayekata kwa kukisia hubaki na boneti iliyotoboka, tatizo lile lile, na juu yake theluji ndani ya kisanduku cha hewa, kile ambacho kabureta huvuta hewa kupitia kwake.

Maelezo haya ni ya mashine za kabureta zenye injini ya kuchanganya oili na petroli, zile za miaka ya 1980 na 1990 ambazo bado zinauzwa mitumba kwa bei nafuu Minnesota, Maine, Manitoba na kwingineko ambako wenzetu wengi wamehamia. Aliyewahi kutengeneza mashine ya boti ya aina hiyo huko pwani ataikuta kabureta na plagi alizozizoea. Kitakachokuwa kigeni kwake ni klachi na belti, na huko ndiko joto hufanya uharibifu mwingi.

Taa ya joto inawaka, injini inachemsha

Tunaanza hapa kwa sababu hapa ndipo watu hutoboa boneti bure. Kwenye injini ya maji, rejeta hazikai mbele kama za gari. Zimelazwa chini ya bati lililo juu ya treki, ule mkanda mpana wa mpira unaoisukuma mashine, na hupozwa na theluji inayorushwa na treki yenyewe. Ukipita juu ya barafu tupu ya ziwa, au kwenye njia iliyoshindiliwa ikawa ngumu, hakuna theluji inayorushwa, na maji yatachemka hata kama nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Matundu hata kumi hayatasaidia. Toka kando ya njia uingie kwenye theluji laini kwa dakika chache, na ukirudi nyumbani funga vyuma vya kukwaruza barafu kwenye reli za chini ili virushe chembe za barafu kuelekea rejeta. Ikichemsha hata kwenye theluji laini, kagua maji yaliyopungua, thamostati iliyokwama au hewa iliyonaswa kwenye mipira ya maji.

Injini ya feni ni habari nyingine. Feni husukuma hewa kwenye mapezi ya silinda, na hewa hiyo ikitoka ni ya moto. Isipopata pa kutokea hurudi ikavutwa tena na feni ile ile. Hapa matundu ya kutolea husaidia kweli, lakini kwanza hakikisha mkanda wa feni umekaza, kava linaloongoza hewa kwenye silinda halijaondolewa na fundi aliyetangulia, na mapezi hayajazibwa na viota vya panya. Mashine iliyolala bandani majira yote ya joto huwa navyo mara nyingi.

Injini inalia juu lakini mwendo unapungua, na kuna harufu ya mpira

Hii ni belti inayoteleza kwa joto. Belti hukaa kati ya klachi mbili: ya mbele iliyo kwenye kranki, na ya nyuma inayopeleka nguvu kwenye treki. Kwa mashine nyingi ziko kushoto kwa dereva. Belti ikipata moto sana mpira hulainika, huteleza, msuguano huongeza joto zaidi, na usipopunguza mwendo itakatika.

Pima kabla ya kuhukumu. Kipimajoto cha miale, kile cha kuelekeza kama bastola, hakigharimu sana, lakini kina udhaifu wake: kikielekezwa kwenye alumini inayong'aa husoma chini kuliko hali halisi. Paka doa la rangi nyeusi isiyong'aa, ukubwa wa sarafu, kwenye uso wa nje wa kila klachi, au elekeza kipimo kwenye belti yenyewe. Endesha kilomita 5 kwa mwendo wa kawaida, simama, zima injini, fungua boneti na upime ndani ya nusu dakika. Belti ya nyuzi 60 hadi 80 za Selsiasi haina shida. Ikipita 100 mara kwa mara, mpira hukauka na kupasuka kabla ya wakati wake.

Kisha linganisha klachi zenyewe. Iliyo moto zaidi kwa kawaida ndiyo inayoteleza, na sababu inaweza kuwa springi iliyochoka, nyuso zilizochimbika au klachi zisizokaa kwenye mstari mmoja. Matatizo hayo hayatibiwi na hewa. Belti yenye sehemu moja iliyolika kuliko nyingine husema jambo jingine kabisa: treki ilikuwa imeganda asubuhi na dereva akakandamiza moto, yaani akafungulia mafuta. Inua nyuma ya mashine na uitikise mpaka treki iachie.

Kama mstari ni sawa, springi ni nzima, klachi zote mbili zina joto linalokaribiana na bado belti inapita 100, hapo chumba cha klachi hakina hewa. Toboa tundu la kutolea ubavuni, usawa wa klachi ya nyuma au nyuma yake kidogo. Klachi zenyewe zikizunguka husukuma hewa kama feni, kwa hiyo tundu lililo karibu nazo hufanya kazi kubwa. Kava la chuma la kukinga belti libaki mahali pake, na usiwashe injini bila kava hilo. Belti ikikatika kwa mizunguko 8,000 kwa dakika, wavu wa dirisha uliofunika tundu hautauokoa mguu wako.

Inakosa nguvu baada ya dakika ishirini, au inagoma kuwaka ikiwa moto

Hewa hupoteza takriban asilimia 1 ya uzito wake kwa kila nyuzi 3 inapopata joto. Kama nje ni nyuzi 15 chini ya sifuri, na kabureta inavuta hewa ya nyuzi 40 kutoka chini ya boneti, injini inapata oksijeni pungufu kwa asilimia 18 hivi. Petroli inayoingia haipungui kwa kiasi hicho, hivyo mchanganyiko wa petroli na hewa unakuwa mzito, yaani petroli inazidi: injini inavuta kwa uvivu, inamisi, na plagi zinatoka nyeusi. Kabla ya kulaumu joto, angalia kwanza kama mdomo wa kisanduku cha hewa umezibwa na theluji, maana dalili ni zile zile.

Kugoma kuwaka kuna chanzo tofauti. Ukizima injini, joto la silinda na ekzosi hupanda juu bila upepo wa kulipunguza. Petroli ya majira ya baridi huko Marekani na Kanada hutengenezwa iwe rahisi kugeuka mvuke ili mashine iwake kwenye baridi kali. Sifa hiyo hiyo huifanya ichemke upesi ndani ya bakuli la kabureta lililopashwa joto. Kipimo chake ni rahisi. Ukisimama, inua boneti mara moja na uiache wazi dakika kumi. Siku nyingine simama vile vile, lakini boneti ibaki imefungwa. Kama inawaka vizuri ilipokuwa wazi na kugoma ilipofungwa, unahitaji tundu la juu, sehemu ya juu kabisa ya boneti nyuma ya silinda, kwa sababu hilo hufanya kazi hata mashine ikiwa imesimama. Kama inagoma hali zote mbili, rudi kwenye plagi, koili na pampu ya petroli.

Plastiki inageuka rangi ya kahawia au kuvimba karibu na ekzosi

Usitoboe kwanza. Joto hilo ni la mnururisho kutoka kwenye bomba, na tundu litapoza hewa lakini halitazuia miale. Kagua springi za ekzosi na maungio yake: moshi unaovuja huchoma plastiki mahali pamoja na kuacha masizi. Ziba maungio kwa silikoni ya joto kali, badilisha springi zilizolegea, kisha bandika tepu ya alumini ya kuakisi joto ndani ya boneti, ipite eneo lililochomeka kwa sentimita 10 kila upande. Safisha plastiki kwa spiriti kwanza, la sivyo tepu itabanduka na kuangukia bomba.

Mahali pa kukata

Hewa huingia palipo na msukumo na hutoka palipo na mvuto. Kwenye boneti nyingi msukumo uko puani na chini ya kioo cha mbele, pale boneti inapokutana nacho. Mvuto uko ubavuni, nyuma ya sehemu pana zaidi. Watu wengi huweka tundu la kutolea chini ya kioo kwa kuwa pana nafasi, kisha hushangaa joto limeongezeka: hewa ya nje inaingilia pale na kuizuia ya moto isitoke.

Kila boneti ina umbo lake, kwa hiyo tumia nyuzi za sufu. Kata vipande vya sentimita 10, vibandike kwa tepu kila sentimita 8 kwenye eneo unalofikiria, na mwenzako aendeshe pembeni kwa umbali salama akipiga video mnapokwenda kilomita 50 kwa saa. Uzi unaolala na kunyooka kuelekea nyuma uko kwenye mkondo mzuri. Unaozunguka ovyo uko kwenye hewa iliyovurugika. Ukitaka uhakika zaidi, toboa tundu dogo la milimita 6 katikati ya eneo, pitisha uzi nusu ndani nusu nje, na utazame unavutwa upande gani. Tundu la milimita 6 huzibika kwa kizibo cha mpira. La sentimita 15 halizibiki.

Jumla ya eneo la kutolea isiwe ndogo kuliko la kuingizia. Sisi huongeza robo zaidi. Kumbuka wavu hula nafasi: wavu wa kawaida wa dirisha huacha wazi kama theluthi mbili tu. Tundu la milimita 75 kwa 150 lina sentimita za mraba 112, lakini likivaa wavu huo linabaki na 75 hivi.

Ndani ya boneti hakikisha nafasi pia. Weka madonge ya udongo wa kuchezea watoto juu ya kabureta, klachi na ekzosi, funga boneti, fungua, upime unene uliobaki. Injini hutikisika kwenye raba zake, hivyo fremu ya wavu na vichwa vya riveti viwe mbali na kitu chochote kwa milimita 20 angalau. Juu ya ekzosi acha 60, na hapo tumia wavu wa chuma tu. Nailoni huyeyuka, sponji hushika moto.

Vifaa na ukataji

Wavu bora kwa bei ndogo unapatikana duka la vyombo vya jikoni: kile kifuniko cha wavu wa chuma kisichoshika kutu cha kuzuia mafuta yasiruke kwenye kikaango. Matundu yake ni madogo kuliko ya wavu wa dirisha, na kimoja cha sentimita 30 kinatosha matundu mawili ya ukubwa tuliotaja. Kwa kuwa ni mwembamba, uegemeze kwenye wavu mgumu wa alumini unaouzwa kwa kufunika mifereji ya paa. Kwa matundu ya duara, vifuniko vya alumini vyenye mapezi vinavyofungwa chini ya paa la nyumba, vya inchi 3 au 4, huingia moja kwa moja. Duka la vifaa vya boti lina vifuniko vya plastiki vyenye umbo la kombe: ukielekeza mdomo nyuma hutoa hewa, ukielekeza mbele huingiza, na huingiza theluji pia.

Ongeza bapa la alumini la upana wa milimita 20 na unene wa 1.5, riveti za alumini za milimita 4.8 zenye vichwa vipana, washa za kukaa nyuma, na masking tepu.

Tazama ndani ya boneti kama pana alama ya aina ya plastiki. ABS hushika gundi ya ABS. PP na TPO hazishiki gundi ya kawaida, hivyo tegemea riveti peke yake. Polikaboneti isiguswe na asetoni, itapasuka. Boneti za zamani za faiba hukatika vizuri, ila vaa barakoa, na maji ya chupa ya kunyunyizia yatashusha vumbi.

Fanya kazi ndani ya nyumba, boneti ikiwa imeshakaa saa kadhaa kwenye joto la kawaida. Plastiki iliyotoka kwenye baridi hupasuka chini ya msumeno. Funika eneo kwa tepu, chora umbo kwa kutumia kiolezo cha karatasi ngumu, kisha toboa kila kona kwa biti ya ngazi hadi milimita 12. Kona hizo za mviringo ndizo zitakazozuia nyufa. Unganisha kwa msumeno wa umeme wa kukatia michoro, wenye bledi ya kukatia chuma ya meno 24 kwa inchi, kwa mwendo wa polepole. Ukienda kasi plastiki huyeyuka na kujiunga tena nyuma ya bledi. Maliza kwa tupa, msasa namba 120, kisha 220, mpaka ukingo uwe laini kwa kidole.

Kata nyavu zote mbili zizidi tundu kwa milimita 20 kila upande. Panga kutoka nje kwenda ndani: boneti, wavu mwembamba, wavu mgumu, bapa la alumini. Toboa mstari wa riveti milimita 12 kutoka ukingo wa tundu. Tundu la 75 kwa 150 linachukua riveti 10: nne za kona, mbili kila upande mrefu, moja kila upande mfupi. Kwenye boneti toboa milimita 5.5 ingawa riveti ni 4.8, kwa sababu plastiki husinyaa kwa baridi kuliko alumini na inahitaji nafasi ya kucheza. Pima unene wa vyote pamoja, mara nyingi milimita 5 hadi 6, na ununue riveti za kipimo hicho.

Baada ya kufunga: plagi zimekuwa nyeupe

Hii ndiyo dalili ya kuchukuliwa kwa uzito kuliko zote. Hewa ikiwa baridi ni nzito, oksijeni imeongezeka, na jeti ile ile, kitundu cha kabureta kinachopima petroli, sasa haitoshi. Mchanganyiko mwepesi hupandisha joto la pistoni, na injini ya aina hii hunoki bila onyo refu. Safari ya kwanza baada ya kutoboa iwe fupi: kimbiza kwa moto mkubwa mita mia chache, zima injini hapo hapo bila kuiacha iungurume taratibu, fungua plagi. Rangi ya kahawia ni nzuri. Nyeupe au kijivu kikavu, pandisha jeti kuu namba moja, kwa mfano kutoka 240 hadi 250, na urudie. Kama nyeupe inaonekana ukienda nusu moto tu, shusha klipu ya sindano ya kabureta ngazi moja ili sindano ipande.

Angalia pia mipira midogo ya kupumulia ya bakuli la kabureta. Ikikaa mbele ya tundu jipya, upepo hubadilisha msukumo ndani ya bakuli na petroli hupanda au kushuka ovyo kadiri mwendo unavyobadilika. Isogeze mahali palipotulia.

Theluji inaingia, au wavu unaganda

Theluji ya unga hupita kwenye wavu wa dirisha bila shida. Ikifika kwenye belti, utasikia injini ikilia ghafla na mashine haiendi. Ikifika kwenye kisanduku cha hewa, injini hukabwa. Tundu la kuingizia likae mahali pasipopigwa na theluji inayorushwa na ski, zile bapa za mbele zinazoteleza, na livae kitambaa cha kuzuia maji kinachouzwa kwa kufunika vichujio vya pikipiki za magurudumu manne. Sponji ya matundu wazi inafaa kwenye baridi kavu pekee. Karibu na nyuzi sifuri hulowa, kisha huganda ikawa ukuta.

Tundu la kutolea huganda zaidi wakati wa kusimama: theluji iliyotua juu ya wavu wa moto huyeyuka, injini ikipoa maji hugeuka barafu. Pulizia silikoni ya kopo kwenye wavu mkavu mwanzoni mwa wiki ya kuendesha, na ugonge barafu kabla ya kuwasha. Wavu ukiganda kila mara ilhali mashine inatembea, basi tundu hilo haliitoi hewa ya moto, linaivuta ya nje. Rudi kwenye nyuzi za sufu.

Moshi unamfikia dereva

Boneti iliyofungwa ilikuwa ikificha uvujaji, sasa tundu la juu linaupeleka usoni. Usiendelee kuendesha kwa kudhani ni harufu tu. Moshi huo una kaboni monoksidi. Tafuta masizi kwenye maungio ya ekzosi na gasketi ya silinda, tengeneza, kisha ndipo utumie tundu hilo. Kelele nayo itaongezeka kidogo, jambo la kawaida. Ikiongezeka sana, chunguza kama kizuia sauti cha kisanduku cha hewa kiliondolewa. Kirudishe, kwa sababu bila hicho mchanganyiko pia unakuwa mwepesi.

Nyufa zinaanzia kwenye kona

Kona ilikatwa kali, au riveti ilibanwa sana. Toboa tundu la milimita 4 pale pale ufa unapoishia, lakini hakikisha umeona mwisho wake halisi: paka wino wa kalamu ya rangi, ufute, na mstari utabaki ndani ya ufa. Fungua riveti ya karibu, panua tundu lake hadi 5.5 kama halikupanuliwa, na uweke bapa la alumini la ndani lipite ufa kwa milimita 30, likishikwa na riveti mbili kila upande wa ufa. Kwa ABS, mimina gundi yake ndani ya ufa kabla ya kubana na uiache usiku kucha ndani ya nyumba, isikaukie kwenye baridi ya bandani.